Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mama yangu hakuiacha siku ipite bila kuiandika. Baada ya chai ya jioni, vyombo vikishaoshwa, alikausha meza kwa kitambaa, akafungua daftari, akatuuliza: "Leo kapita nani?" Nasi, watoto wa nyumba ya mawe kule Moonta, mji wa migodi ya shaba, ilibidi tueleze nani kapita barabarani, anaelekea wapi, kavaa nini, yuko peke yake au na mwenzake. Mdogo wangu wa kiume, Jabez, siku moja alichoka, akasema kapita mbuzi tu.

"Mbuzi wa nani?"

"Nitajuaje, Mama? Mbuzi ni mbuzi."

"Mbuzi asiye na mwenyewe ni kesi," Mama akasema, akaandika.

Majirani walimcheka. Wake wa wachimbaji walimwita Sajini, tena mbele yangu, na mimi utotoni nilimwonea haya mama yangu kwa ajili ya yale madaftari. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili nilipoelewa alichokuwa anakitafuta ndani yake. Siku hiyo nilimlilia mama yangu angali hai, jambo ambalo watu wengi hulichelewesha mpaka haliwafai kitu wote wawili.

Jina lake lilikuwa Loveday, binti Trembath. Babu yake mzaa baba alikuja na meli kutoka Cornwall, ng'ambo ya bahari, kuchimba shaba, na baba yake akachimba palepale mpaka ugonjwa wa kifua ukamuua. Mama alikulia mahali ambapo ukisimama juu ya lundo la mawe ya mgodi unaiona bahari. Aliimba sauti ya pili kanisani kwetu kwa Wamethodisti, akawafundisha watoto wa Jumapili kuandika, na mwandiko wake ulikuwa wa kunyooka hata bila mstari. Alikuwa na mama yake tu, Bibi Temperance, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu.

Baba yangu, Digory Nankivell, naye alikuwa mtoto wa mgodi. Kaka yake alifia chini, na Baba akaapa hatashuka kamwe kwenye lile shimo. Akajiunga na polisi wa farasi. Mjini kwetu hiyo haikuwa sifa, maana wachimbaji walipogoma, hao hao polisi wa farasi ndio walioletwa kuwatazama. Siku alipokuja kuposa, Bibi Temperance alimwangalia kuanzia buti mpaka kofia.

"Kwa hiyo binti yangu anaolewa na farasi wa serikali," akasema.

"Farasi ni wa serikali, Mama. Mimi ni wa kwangu."

"Tutaona. Akitumwa farasi, wewe utabaki?"

Hakubaki. Walioana mwaka wa 1880, na mwaka uliofuata Baba akatumwa kaskazini.

Polisi wa koloni letu walianza kabla mji mkuu haujapata barabara. Meli zilishusha wachungaji na walevi kwenye ufuko mmoja, ikabidi watafutwe watu wachache wa kuwatenganisha, na wenye ndimi husema mwanzoni ilikuwa vigumu kujua nani yuko upande gani. Kisha kondoo wakasogea kaskazini kutafuta majani, watu wakawafuata kondoo, na polisi wakawafuata watu. Kila walipofika walijenga kibanda cha mawe chenye selo moja nyuma, wakaacha humo konstebo mmoja, farasi wawili, na kitabu cha matukio.

Kitabu kilikuwa na kurasa zenye namba, na kila siku ilitakiwa iandikwe, hata siku ya upepo mtupu. Kila baada ya majuma mawili nakala ilipelekwa kusini na tarishi wa ngamia. Huko makao makuu hakuna aliyemwona konstebo wa mbali akifanya kazi, kwa hiyo mtu alipanda cheo au akashuka kwa jinsi kitabu chake kilivyosomeka. Asiyekuwapo na lake halipo, isipokuwa ameliandika.

Baba hakujua kuandika. Jina lake alilijua, na tarehe, na baada ya hapo mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyefukuzwa juu ya unga. Lakini juu ya farasi hakuwa na mfano. Juma la kwanza kule Wirrapinna, ndilo jina la kituo chao, alikaa mbele ya kitabu jasho likimtoka, na Mama akamtazama mpaka huruma ikamshinda.

"Sogea," akamwambia. "Wewe sema, mimi niandike."

Ndivyo ilivyoanza. Tangu ukurasa wa kwanza mwandiko ulikuwa wa Mama, na makao makuu wakaujua kuwa ndio mwandiko wa Konstebo Nankivell. Baba alitia sahihi tu. Doria zilipokuwa ndefu, majuma matatu, mara majuma sita, Mama alitia na sahihi.

Wirrapinna ilikuwa uwanda wa vichaka vya chumvi na vumbi jekundu. Mashariki yake kulikuwa na ziwa lisilo na maji, chumvi nyeupe tupu mpaka macho yanapoishia. Asubuhi ya kwanza Mama alitoka nje, akaliona likimeta, akapiga kelele kumwita Baba: "Digory, bahari!" Akakimbia nusu maili na kitambaa cha vyombo mkononi. Alirudi akitembea pole pole. Aliniambia hilo mara moja tu, na hata mara hiyo aligeuza uso.

Alimtamani mama yake. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Alitamani kelele za ule ulimi, alitamani kuimba na watu, alitamani harufu ya magugu ya bahari maji yakitoka. Bibi Temperance hakujua kusoma wala kuandika, lakini kila Krismasi alimwandikisha jirani barua, na ndani yake akakunja karatasi ndogo yenye zafarani, kidogo tu, ya kutosha mikate ya sikukuu moja. Mama alikuwa akiifungua karatasi ile, anainusa, anaikunja tena, kwa siku kadhaa kabla ya kuitumia. Baba alijifanya haoni.

Kanuni ilikuwa hivi: konstebo wa kaskazini akishatimiza miaka mitano, anaweza kuomba kurudi kusini, na ombi lake litatazamwa kwa kadiri kituo chake kilivyotunzwa. Mama aliisoma kanuni hiyo akaifanya dini. Akajiambia kwamba kitabu kikiwa safi kuliko vyote, wao ndio watakaotangulia kuhamishwa. Akakitunza kitabu kile kama mtu anayejishonea nguo ya safari.

Na kituo akakitunza. Baba akiwa njiani, watu walikuja na shida zao palepale, kwani shida haziulizi konstebo yuko wapi. Aliandikisha vizazi na vifo. Aligawa unga na chai ya serikali kwa watu wa nchi ile, ambao visima vilikuwa vyao kabla ya ng'ombe kufika, na alisema siku zote kwamba ilikuwa aibu kuwapimia kwa kikombe watu waliokuwa wenye nyumba. Na alikamata. Alasiri moja mkata manyoya ya kondoo, Mick Tierney, alivunja dirisha la hoteli akaja kulala mlangoni petu. Mama alitoka na unga mikononi, akamshika kwa kola, akamwingiza selo.

"Mama, nifungulie, nina kiu."

"Maji yako kwenye ndoo."

"Konstebo yuko wapi?"

"Doria."

"Sasa mimi kanifunga nani?"

"Ndiye unayeongea naye."

Tierney akafikiri kidogo. "Na sheria inakuruhusu?"

"Lala, Mick. Sheria nitakusomea asubuhi, ukiwa na kichwa cha kuipokea."

Kwenye kitabu akaandika: Saa tisa alasiri nimemkamata Michael Tierney kwa ulevi na kuvunja dirisha. Nimemweka mahabusu. "Lile neno, nimemkamata," aliniambia miaka mingi baadaye, "nililiandika, nikalitazama, nikacheka peke yangu kama mwehu."

Mwaka wa tatu nikazaliwa mimi. Mwaka wa nne ikatokea ile ya mtu wa ziwani.

Kituo kilikuwa na mfuatilia nyayo, mtu wa pande zile ambaye polisi walimwita Sandy. Jina lake la kwao Mama alilijua, lakini mwenyewe alimwomba asiliandike popote, na Mama hakuliandika, wala mimi silijui. Safari hiyo Baba aliwafuata wezi wa farasi mpaka mpakani, akamwacha Sandy kwa sababu mguu ulikuwa umemvimba. Siku ya nane farasi alifika kisimani na tandiko bila mtu. Sandy alimtazama kwato, akachechemea hatua mia mbili kwenye njia aliyotoka, akarudi.

"Mwenyewe alishuka ziwani," akasema. "Anatembea mduara. Kesho hatatembea."

"Konstebo yuko mbali," Mama akasema.

"Sikumuuliza Konstebo."

Mama akaniacha kwa mke wa Sandy, akatandika farasi wa pili, Sandy akapanda yule aliyekuja peke yake, wakaenda na viriba vinne vya maji. Walimpata saa kumi jioni, mchunga ng'ombe kijana amelala chini ya koti lake, ulimi umejaa kinywa. Mama alimtia maji kwa kitambaa, tone kwa tone, huku yule akimpiga mateke apewe kiriba chote. Akapona. Kwenye kitabu iliandikwa: Mimi na mfuatilia nyayo tumempata akiwa hai. Sahihi, D. Nankivell. Siku hiyo D. Nankivell alikuwa umbali wa siku sita.

Miaka mitano ikatimia, wakaomba uhamisho. Kimya. Wakaomba tena. Majibu yakasema inspekta atapita kukagua. Krismasi iliyotangulia barua ya Bibi Temperance ilikuja na zafarani na maneno machache: macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, daktari amesema hayatarudi, na alitaka kumwona mjukuu wake kabla ya giza, "maana sura ya mtoto haielezeki kwa barua, hata ya jirani msomi." Mama aliiweka barua ile ndani ya mfuko wa aproni, na haikutoka humo mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Inspekta Wetherall alifika mwezi wa tano mwaka wa 1887, mtu mrefu mkavu mwenye sharubu za mvi na adabu nyingi. Mama alimwokea pasti za nyama na viazi, ukingo umesokotwa kama kwao, na siku hiyo akatumia zafarani yote iliyobaki kwenye mkate. Inspekta alikula, akafunua kitabu cha matukio, na uso wake ukafunguka.

"Konstebo, nikuambie kitu. Hakuna kitabu kama hiki katika koloni zima. Ile ya mtu wa ziwani, tunawasomea makuruta."

Baba alikuwa anatazama sahani yake. "Asante, Afande."

"Mimi mwenyewe huisoma. Maji kwa kitambaa, tone kwa tone. Wengi wangemwachia kiriba akafa."

"Ndiyo, Afande."

"Kuhusu uhamisho," inspekta akasema, akijipangusa sharubu, "nimeagizwa nikwambie mwenyewe, kwa heshima yako. Haiwezekani. Polisi wanakua haraka kuliko watu wanavyopatikana. Huko juu tunafungua vituo vitatu, na nikikutoa wewe hapa, nani ataishika kaskazini? Utapewa ukoplo. Na miaka mitano mingine."

Mama alikuwa amesimama na birika. Akaiweka birika mezani ili isimwangukie mgeni. Kwa miaka sita kasoro alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, kila jioni, kwa wino wa serikali na mwandiko mzuri.

Wanaume wakatoka kukagua farasi. Mama alingoja mpaka sauti zao zikafika zizini, akaingia ofisini, akafunua ukurasa uliofuata, wa mia mbili na kumi na mbili, akaandika. Aliandika saa kwanza, saa nane mchana. Kisha akaandika kwamba kitabu hiki tangu mwanzo kimeandikwa na Loveday Nankivell, mke wa konstebo. Kwamba siku mia tano na zaidi zilizo na sahihi ya konstebo, konstebo hakuwepo. Kwamba Tierney na wengine saba walikamatwa na yeye. Kwamba mtu wa ziwani aliokolewa na mfuatilia nyayo wa kituo, na yeye akiwa naye. Akatia jina lake lote. Ilikuwa mara ya kwanza.

Waliporudi alimpa inspekta kitabu kimefunuliwa. Akausoma ukurasa amesimama. Akakaa, akausoma tena.

"Mama Nankivell, haya ni kweli?"

"Kila neno, Afande."

"Konstebo?"

Baba akanyoosha mgongo. "Ni kweli, Afande. Kuandika mimi siwezi. Farasi naweza."

"Ulijua kwamba angeandika hivi?"

"Sikujua. Ila sina kinyongo naye."

Inspekta akamgeukia Mama. "Ulitaka nini hasa?"

"Mjue kwamba sifa zinazotubakiza hapa si zake. Nilidhani mkijua mtatuachia twende. Mama yangu anapofuka." Akamalizia, na sehemu hii alinisimulia kwa sauti ya chini: "Halafu nilitaka tu jina langu liwepo. Mahali fulani, liwepo."

Yule mtu hakuwa mbaya. Nimejaribu miaka mingi kumchukia, sijaweza. Alifikiri, kisha akaeleza polepole kama anayemsomea mtu wosia.

"Ukurasa huu ukifika kusini, Konstebo hatahamishwa, atafukuzwa. Ametia sahihi siku ambazo hakuwepo. Na wewe, Mama, hutaambiwa asante. Watasema mwanamke amechezea kitabu cha serikali."

"Na usipofika?"

"Nitaandika kwamba mke wa konstebo ni mgonjwa, hali ya hewa ya huku imemshinda. Mwenye mgonjwa huhamishwa. Kabla ya Krismasi mtakuwa pwani."

"Mimi si mgonjwa."

"Naona. Umenipikia chakula cha watu sita na umeendesha kituo changu miaka sita. Ndiyo maana itanibidi niandike bila kukutazama."

Baba alisema, "Uache ukurasa uende hivyo hivyo, Afande. Nitatafuta kazi nyingine."

"Kazi gani?" Mama akamuuliza. "Shimoni?"

Mama akamtazama usoni, akajua kwamba angeshuka kweli, kwa ajili yake, kwenye shimo aliloapa kutolishukia kamwe. Basi akakivuta kitabu. Aliuchana ule ukurasa yeye mwenyewe, taratibu, akifuata mshono, ili kitabu kisiharibike. Akaenda nao jikoni, akafungua mlango wa jiko ambalo mkate wa pili wa zafarani ulikuwa ndani, akautia ukurasa motoni, akasimama mpaka umekwisha.

Inspekta alikuwa ameshachukua kalamu. Namba haiwezi kuruka bila maelezo, kwa hiyo pembeni akaandika kwamba ukurasa wa 212 umeharibika kwa wino kumwagika.

"Andika na saa, Afande," Mama akamwambia. "Kila tukio lina saa."

Akaandika na saa.

Tulifika Moonta wiki mbili kabla ya Krismasi. Nilikuwa na miaka minne. Bibi Temperance alikaa kwenye ngazi akitusubiri, akanivuta kwenye mwanga, akausogeza uso wake karibu na wangu mpaka pumzi yake ikaniwasha.

"Hii pua ni ya Nankivell," akasema. "Pole, mwanangu. Lakini macho ni yetu."

Alituona miezi mitano zaidi, kisha giza likaja, na akaishi ndani ya giza hilo miaka miwili na ushei, akitoa amri. Mama alikuwa naye kila siku. Walikwenda ufukoni mkono kwa mkono, walioka pamoja, waligombana pamoja. Alizikwa na kwaya nzima, na Mama akaimba sauti ya pili bila kuyumba. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba alichagua vibaya. Mama hakujuta. Anayejuta anatamani asingefanya, na Mama angeuchana tena ukurasa ule kesho yake.

Alitamani tu. Alikuwa na bahari, akatamani ziwa lisilo na maji. Kituo cha Moonta kilikuwa na sajini na makonstebo wawili na kitabu chao juu ya kaunta. Juma la kwanza alimpelekea Baba chai, akaona tarehe imekosewa, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kalamu. Sajini akakifunga kitabu kwa upole. "Hiki ni cha serikali, Mama." Aliporudi nyumbani alipitia dukani, akanunua daftari la watoto wa shule. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Baba alizeeka akiwa konstebo, hakuomba kamwe ukoplo, na kila jioni alikuwa wa kwanza kumweleza Mama nani kapita, kwa kirefu, kama anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. Utotoni nilidhani ni mzaha wao.

Baba alifariki mwaka wa 1911. Mwishoni mwa 1915 gazeti likaandika kwamba polisi wetu wameanza kuajiri wanawake, wa kwanza kabisa, wenye mamlaka kama ya wanaume. Mimi nilikuwa mwalimu, sijaolewa, nakaa naye. Macho ya Mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu ule ule wa Bibi. Nikamsomea habari ile nikidhani itamfurahisha. Aliniambia nisome mara ya pili, kisha akasema, "Nipe karatasi nzuri."

"Mama, una miaka hamsini na saba."

"Sikukuuliza umri. Nimekuomba karatasi."

Ndipo aliponieleza yote niliyoyaeleza hapa. Baba hayupo, akasema, hakuna wa kufukuzwa tena. Aliandika barua kwa siku nne, dirishani, kioo cha kukuzia kwenye mkono mmoja. Hakuomba kazi kwa kulia. Alieleza kituo, miaka, waliokamatwa, mtu wa ziwani, mfuatilia nyayo. Yalikuwa maandishi yake ya mwisho kwa mkono wake.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Tulikaa mezani, nikamsomea. Aliyejibu alikuwa mtu muungwana, alikuwa amejisumbua kutafuta. Alishukuru. Alisema umri umepita. Alisema jina la Loveday Nankivell linapatikana mara moja tu katika kumbukumbu zao, katika taarifa ya uhamisho ya mwaka 1887, kama mke mgonjwa wa konstebo, na anatumaini afya yake ilirudi. Kisha mwishoni aliongeza, kwa wema, neno la kumfariji mjane: Mwandiko wako, Mama, unafanana sana na wa marehemu mume wako, ambaye vitabu vyake bado vinakumbukwa hapa.

Mama alicheka. Alicheka vizuri kabisa, kisha akaacha, na mimi sikuweza kumtazama. Nililia bila kujificha. Yeye akanisogezea kitambaa cha vyombo.

"Haya, lete daftari," akasema. "Leo utaandika wewe. Mimi mistari siioni."

Nikalifungua. Akanitamkia kama alivyotamkiwa na Baba zamani: Jumanne. Upepo wa kusini magharibi. Wamepita kina mama watatu kwenda kanisani, na gari la mkate. Saa tisa alasiri imefika barua kutoka makao makuu.

"Niandike imesemaje?"

"Andika imefika."

Nikaandika. "Nitie sahihi yako?"

"Tia jina langu. Lote."

Nikatia: Loveday Trembath Nankivell. Nikalipulizia likauke, nikataka kulifunga daftari. Mkono wake ukapapasa ukurasa, ukanizuia.

"Bado. Chini yake tia la kwako, na saa," akasema. "Aliyeandika aandikwe."